Mwenye Tairi Ndani ya Kava

Nchi ninayoisimulia ilikuwa na jina, lakini jina hilo liliondolewa kwa amri, ili watu wasilitamke mara nyingi kuliko jina la Mheshimiwa Mlezi. Tukawa tunaiita Hapa. Mgeni akikuuliza umezaliwa wapi unamjibu, "Hapa." Akiuliza hapa wapi, anapigwa. Mimi naitwa Kondo, fundi wa kushona viti na makava ya magari, na sina ugomvi na mtu. Ninayoyasema nayasema kwa nia njema kabisa. Atakayeiona nchi yake humu ameiona mwenyewe, mimi sikumwonyesha.

Shemeji yangu Mwinshehe, mume wa dada yangu Sikudhani, alikuwa dereva wa shangingi la hospitali. Shangingi kwetu ni lile gari refu la serikali la kupanda milima, lenye tairi la spea lililofungwa nyuma mlangoni. Serikali ilikuwa nayo mia mbili na kumi na mawili. Mia mbili na kumi na moja yalibeba wakubwa, na moja lilibeba wagonjwa. Hilo moja ndilo la shemeji, na shemeji alikuwa na kasoro ambayo hatimaye ilimtia mashakani: ndani ya kava lake la spea mlikuwa na tairi.

Mambo yalianza kwenye sherehe za miaka arobaini ya utawala wa Mlezi. Waziri wa Staha, Dokta Bi Kibibi, mama mnene mwenye sauti ya kipaza sauti hata akinong'ona, alisimama mbele ya taifa akasema amegundua jambo la aibu. Tairi la spea liko uchi.

"Matairi manne ya chini yana kazi, kwa hiyo yanasameheka," alisema. "Lakini hili la tano limekaa tu nyuma ya serikali, halifanyi lolote, na halina nguo."

Wananchi walishtuka. Wengine walikuwa wameliona tairi hilo tangu utotoni wasijue kama wanatazama uchi wa mtu. Siku ileile ikatoka amri kwamba kila shangingi livalishwe kava, na kwenye kava ichorwe sura ya Mheshimiwa Mlezi. Kwa bahati nzuri sura yake ilikuwa ya mviringo, kwa hiyo ilikaa vizuri sana. Kazi ya kushona nilipewa mimi, na nilijivuna wiki nzima.

Wiki hiyo walikufa watu kumi na saba. Si kwa nia mbaya, hapana. Barabara zetu zina matope, na matope hayasomi amri. Dereva aliyefika na tone moja kwenye shavu la Mlezi alichapwa viboko kumi, na mwenye tone kwenye jicho alitolewa jicho. Dereva wa Mkuu wa Mkoa alirudi nyuma pale sokoni akaigonga nguzo ya umeme kwa pua ya Mlezi. Mahakama ilifanya haki bila upendeleo: dereva viboko mia, nguzo viboko mia, mbele ya watu. Nguzo ilistahimili. Dereva alizikwa alasiri.

Halafu kulikuwa na yule wa lori aliyepiga honi nyuma ya shangingi. Honi, usoni pa Mheshimiwa! Askari walimshusha, wakamng'oa meno yote kwa koleo la fundi umeme, wakayatia kwenye bahasha ya serikali na kumpelekea mama yake, na juu ya bahasha wakapiga muhuri. Mimi hapo naisifu serikali kwa utaratibu. Ni nchi ngapi zinapoteza meno ya watu hovyohovyo?

Sasa Waziri wa Barabara, Brigedia Pazi, hakupendezwa. Huyu alikuwa mtu wa vita ambaye hajawahi kuviona vita, na jambo hilo lilimuuma. Alisema kava linaweka maji, maji yanaleta kutu, na kutu ni adui wa taifa. Tena, akasema, ni nani anayempaka Mlezi matope kila siku kama si aliyemfunga nyuma ya gari? Akataka makava yavuliwe. Kuanzia hapo nchi ikagawanyika, wako Wavishaji na wako Wavuaji.

Bungeni hoja ilijadiliwa kwa siku mbili. Siku ya kwanza kwa maneno. Siku ya pili waheshimiwa walikuja na spana za magurudumu ndani ya majoho. Spika aliomba utulivu akapigwa ya kisogo, na wakati anaanguka alihesabiwa kura pande zote mbili. Mbunge mmoja mama alimkaba mwenzake kwa tai mpaka akabadili rangi, kisha akaomba kutoa taarifa. Redioni walisema mjadala ulikuwa wa kina, na kwamba wabunge sita watazikwa kwa gharama za umma.

Huku mitaani ukikutana na watu walikuuliza swali moja tu: unavisha au unavua? Ukikosea jibu lao unaacha sikio. Mbele ya karakana yangu alikuwapo muuza nyama, mtu mpole aitwaye Salehe. Alipoulizwa alijibu kwamba yeye hana gari. Wavishaji wakamwona ni Mvuaji mwenye hila, Wavuaji wakamwona ni Mvishaji mwoga, basi wakasaidiana. Walimpiga kwa visu vyake mwenyewe, wakipokezana bila kugombania zamu. Ilikuwa siku pekee mwaka ule niliyoona umoja wa kitaifa.

Nitasema sasa jambo ambalo fundi hatakiwi kusema. Wakubwa walipoleta makava yao nishone, waliingilia mlango wa nyuma, na kila mmoja alishika ungo kwapani. Ungo huuhuu wa kupepetea mchele. Tairi la spea la Mkuu wa Wilaya lilikuwa kwenye basi la mkewe. La Jaji lilikuwa kwenye mkokoteni wa shamba lake. La Askofu wa Jeshi sijui lilikuwa wapi, alisema tu limepaa. Basi walitaka ungo ukae ndani ya kava, ulinyooshe vizuri, ili kwa nje ionekane kuna kitu. Na kila mmoja aliniapisha, akiamini ni yeye peke yake. Nilishona nyungo mia mbili na kumi na moja. Sokoni ziliisha, wanawake wakawa wanapepetea mchele kwenye mifuniko ya sufuria. Ungo wa Brigedia Pazi aliuleta dereva wake bila yeye kujua, ndiyo maana Brigedia alikuwa hodari wa kudai makava yavuliwe.

Shemeji Mwinshehe yeye alileta kava tupu. Kila Ijumaa baada ya sala alilivua, akalishusha tairi la spea, akalipiga ngumi, akatega sikio, akapima upepo, akalirudisha. Njia ya kwenda Msangani ni kilomita arobaini za miiba mitupu, na huko ndiko wanakotoka wajawazito wengi. Kila safari alikuwa na uhakika wa pancha moja. Kijijini walimpenda kwa sababu hakuwahi kuchelewa, na wanawake kadhaa walikuwa wamewapa watoto wao jina lake, hata wa kike.

Asubuhi moja, saa mbili, redio ilisema Mheshimiwa Mlezi amechoka na mazishi. Mashangingi yote yafike uwanjani saa nne. Makava yatafunguliwa mbele ya taifa, na yatakayoonekana ndani ndiyo yataamua kama tuvishe au tuvue. Fundi Kondo aje na wembe wake.

Niliacha chai mezani. Ungo mmoja ulikuwa umebaki karakana, nikauchukua nikakimbia nao mpaka kwa shemeji. Nilimkuta anafuta kioo, yuko tayari kuondoka, dada yangu amesimama mlangoni. Nikamweleza yote, kwa mara ya kwanza, kwamba mia mbili na kumi na moja ni nyungo.

"Basi leo watanitambua," alisema, na akacheka kwa furaha kabisa. "Mimi ndiye nitakayekuwa salama."

"Shemeji, wewe ndiye utakayekufa," nikamwambia. "Vua tairi, uweke huu ungo. Nakuomba."

Sikudhani naye alimshika mkono, akamwambia amwangalie yeye na wanawe watatu, si lile tairi. Nilimwona Mwinshehe akisita. Kisha akasema kuna mama huko Msangani, uchungu umemshika tangu alfajiri, mtoto amekaa vibaya. Akitoka uwanjani anampitia moja kwa moja, hana muda wa kurudi nyumbani kuvisha na kuvua.

"Nikipata pancha njiani, Kondo, nitambeba juu ya ungo?"

Hasira zilinipanda, nikamwita mjinga mbele ya mkewe, na hilo najutia.

Uwanjani mashangingi yalipangwa mistari kumi na mbili. Mheshimiwa Mlezi alikaa juu jukwaani, mzee mdogo ndani ya kiti kikubwa. Aliyeongoza shughuli ni Kapteni Bakalemwa wa kikosi cha ulinzi, kijana wa sura safi aliyependa kazi yake kupita kiasi. Sikudhani alikaa na wananchi nyuma ya kamba. Nikaamriwa nianze na gari la Waziri wa Staha. Nilikata uzi, kava likadondoka, ungo ukaanguka kwenye nyasi ukazunguka mara mbili ukalala.

Nikaenda la pili, la Brigedia Pazi. Ungo. Brigedia alimgeukia dereva wake akampiga risasi ya paji la uso, palepale, kisha akasimama akiutazama ungo. La tatu, ungo. La Jaji, ungo, tena wenye pumba. Nilipofika la hamsini nilikuwa sikati tena kwa woga, nakata kwa mazoea. La mia mbili na kumi na moja lilikuwa la Kapteni Bakalemwa mwenyewe.

Mheshimiwa Mlezi aliwatazama. Akiwaua wote hana serikali. Asipowaua wamemfanya mtoto. Nikaona mdomo wake unacheza. Ndipo Dokta Bi Kibibi, aliyekuwa amejikojolea kidogo kama wenzake, alipopiga magoti akasema kwa ile sauti yake:

"Mheshimiwa, utafiti umekamilika. Tairi la spea la taifa hili ni ungo."

Makofi yalilia robo saa. Jaji alisimama akaisoma kama sheria: ungo ni tairi, umekuwa tairi siku zote, na asemaye vinginevyo ni adui. Wavishaji na Wavuaji walikumbatiana. Watu walilia kwa furaha kwamba vita vimekwisha. Mlezi aliinuka kuondoka.

Mimi nilikaa kimya, naapa. Lakini Kapteni ni mtu wa hesabu. Akasema bado moja.

Nilikata uzi wa kava la shemeji polepole mno, nikiomba tairi lisiwepo. Lilikuwepo. Mwinshehe, masikini, alikuwa amelilegeza nati mapema ili akaguliwe haraka amwahi yule mama wa Msangani. Tairi lilidunda chini, likabiringika kwenye nyasi mpaka likaegemea jukwaa. Nyuma ya uwanja watu wawili watatu walianza kupiga makofi. Wakapigwa risasi, makofi yakakoma.

"Hiki ni nini?" Mlezi aliuliza.

"Ni tairi, Mheshimiwa," shemeji alisema. "Lilikuja na gari."

Brigedia Pazi alisema mtu huyu amewatukana viongozi mia mbili na kumi na moja kwa kitendo kimoja. Bi Kibibi alimuunga mkono, na hao hawakuwa wamekubaliana kwa mwaka mzima. Jaji akatoa hukumu akiwa bado amesimama, kwamba mshtakiwa amekutwa na kitu kisicho tairi akakiita tairi, kwa hiyo ni mwizi wa jina la tairi, na wezi kwetu wanajulikana wanavyofanywa.

Kapteni alilivisha tairi shingoni mwa Mwinshehe, likakwama mabegani, akaligonga kwa kitako cha bunduki mpaka likashuka na mifupa ikalia. Wakatafuta petroli. Hapo palikuwa na mkwamo, maana katika mashangingi ya wakubwa petroli nayo ilikuwa imepaa, yalikuwa na ya kurudi nyumbani tu. Walinyonya kwa mpira kwenye tangi la gari la hospitali. Dada yangu alishikwa na askari wanne. Mmoja wao dada alimng'ata kidole akakitema. Walimpiga mpaka akakaa.

Nilisogea kadiri nilivyoachiwa. Shemeji aliniona. Nilidhani atanilaani.

"Kondo," alisema, "yule mama bado anasubiri."

Kapteni akawasha kiberiti.

Sitasimulia hapo. Nitasema tu kwamba ilichukua muda mrefu, kwamba bendi iliamriwa ipige, na kwamba nililia kwa sauti, mimi fundi Kondo nisiye na ugomvi na mtu, na niliwachukia watu wale wote mpaka meno yakaniuma. Tairi likiungua linaacha nyaya. Msafara wa Mheshimiwa uliposindikizwa kutoka, Brigedia aliona ni jambo la heshima gari la Mlezi likanyage yale majivu. Likakanyaga. Likafika getini likainama, pancha, pale juu kabisa ya mteremko unaoshuka kwenye daraja la mto.

Walitazamana. Kisha Kapteni, kwa sauti ya kikazi, akaagiza lifungwe tairi la spea kwa mujibu wa sheria, na fundi aitwe.

Nilikuja na ungo uliodondoka kwenye kava la gari la Mlezi mwenyewe. Wakati wanapiga jeki nilimtazama Sikudhani kwa mbali, amekaa majivuni, amemfunika mumewe kwa kanga yake. Niliutoboa ungo matundu sita, nikaupachika kwenye nati, nikakaza kila moja kwa uangalifu. Juu yake nikavisha kava. Mheshimiwa Mlezi akashusha kioo. Kwa karibu alikuwa na macho ya mtu anayetaka kuambiwa ukweli mara moja tu kabla hajafa.

"Fundi, hii itafika?"

Wote mia mbili walikuwa wananitazama. Bunduki ya Kapteni ilikuwa ubavuni mwangu.

"Itafika, Mheshimiwa," nikasema. "Mwambie dereva aongeze mwendo."

Jeki iliposhushwa ungo ulivunjika na gari likainama upande. Dokta Bi Kibibi alisema limeinama kwa unyenyekevu, wakapiga makofi. Msafara wetu una kanuni: unakimbia mwendo wa kasi moja, gari limegusana na gari, asiachwe mtu nafasi ya kupenya. Waliondoka hivyo. Sikugeuka kutazama. Nilisikia vyuma, nikasikia vyuma juu ya vyuma, muda mrefu, halafu maji.

Sikufurahi. Ningesema nilifurahi ningewadanganya. Nilikwenda kukaa na dada yangu, lakini hakunipa nafasi ya kukaa.

"Mwinshehe hatoki tena hapa," alisema. "Mfuate yule mama."

Tangi la gari la hospitali lilibaki na petroli ya kufika na kurudi ukienda kwa adabu. Mimi ni dereva wa kuingiza magari karakana, si wa miiba. Niliendesha nimeshika usukani kwa mikono yote miwili, nakwepa kila nilichokiona. Kilomita ya kumi na nane pancha ilinipata. Nikashuka, nikazunguka nyuma ya gari. Mlangoni palikuwa na vyuma vya kushikia tairi, basi.

Nilitembea, nikakimbia, nikatembea. Nilifika Msangani usiku, viatu vimetoboka. Walinipokea kwa adabu, wakanipa kiti na maji. Ndani, kitandani, mama alikuwa ameshafunikwa shuka, na mtoto amelazwa pembeni yake, naye amefunikwa. Bibi mmoja, mama mzazi wa marehemu, alitoka akasimama mbele yangu. Hakulia wala hakunilaumu. Alitaka tu kujua kwa nini leo hakuja Mwinshehe, maana Mwinshehe, alisema, hachelewi.